Daftari la Wageni wa Syokau

Mwezi uliopita tulimzika Nzilani huko Kalamba, na katika mazishi hayo, badala ya kulitazama jeneza, niliitazama midomo ya mwanamke mmoja. Wasifu wa marehemu ulikuwa ukisomwa na binti yake wa kwanza. Ulipofika mahali paliposema kwamba mama yao, aliyesumbuliwa na kifafa tangu ujana, aliombewa kanisani, akafunguliwa, na tangu siku ile hakuanguka tena, watu walivuta pumzi tayari kuitikia. Ng'ambo ya kaburi, nyuma ya wanakwaya, aliketi Syokau, mwenye umri wa miaka sabini na mitano, aliyekuwa amesafiri tangu alfajiri kutoka Zombe, na ambaye katika muda wote niliomfahamu hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba anaamini kuna Mungu. Katika halaiki ile ni yeye na mimi tu tuliojua kwamba sentensi iliyosomwa haikuwa ya kweli. Nilitaka kuona midomo yake ingefanya nini. Tabia hiyo ya kumchunguza haikuanza siku hiyo. Ilianza katika mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, na niliifanyia bidii kuliko kazi niliyoajiriwa kuifanya. Majina yote katika sura hii nimeyabadilisha. Binti wa marehemu, ambaye baada ya matanga alikuta kopo la kakao katika sanduku la mama yake akaniuliza ni la nini, ameisoma kabla ya mtu mwingine. Alinirudishia akiwa ameongeza koma mbili, akasema naweza kuichapisha.

Nyumba ya walimu niliyopangiwa mwaka ule ilisimama mwisho wa uwanja wa shule, ikiwa na sebule moja na vyumba viwili vya kulala. Kuta za ndani hazikufika paa; ziliachwa wazi kwa kiasi cha mkono mmoja, hivi kwamba mtu akigeuka kitandani huku, wa kule alijua amegeukia upande gani. Syokau, mwalimu wa biolojia, alikuwa ameishi humo peke yake miaka minne. Alinipokea kwa kunionyesha vitu kwa utaratibu: stovu na namna ya kupunguza utambi wake, mtungi wa maji ya kunywa na ule wa maji ya kuoshea, msumari wa kutundikia taa. Jioni alipika muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, pamoja na mbaazi, akapakua sahani mbili. Nilifumba macho nikaomba. Nilipoyafumbua, alikuwa ameweka kijiko chini, mikono yake magotini, akingoja. "Mimi siombi, Mwalimu Mwende," alisema. "Siamini kuna anayesikia. Lakini wewe omba tu, nitangoja. Mwambie tu muthokoi unapoa." Akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuoni na cheti kizuri cha Kiswahili na historia, na sikuwa nimewahi kuketi meza moja na mtu aliyelitamka jambo hilo kwa sauti ya kawaida, kama mtu asemaye kwamba hatumii sukari. Kungoja kwake kulinisumbua kuliko ambavyo kula kwake kungenisumbua. Nilijiuliza alikuwa akingoja nini hasa.

Niliyoyajua kuhusu watu wa aina yake niliyapata katika siku kumi za mwanzo, tena bila kuuliza. Nilipopita jikoni mwa shule kuchukua chai ya saa nne, niliyasikia yakizungumzwa juu ya sufuria. "Mtu hana Mungu, hana rafiki," mmoja wa wapishi alisema. "Ako na wafuasi tu." Mwingine akauliza, "Rafiki atatoa wapi? Ukimkosea, ataogopa nani ndio asikufanyie kitu?" Wa tatu alitaka kujua mtu kama huyo akifa atazikwa na nani, akajibiwa kwamba hatazikwa, atafukiwa. Mpishi aliyekuwa akichambua maharagwe ndiye pekee aliyejaribu kupunguza makali. "Lakini juzi nilikosa kitunguu akanipatia. Kitunguu yake ni kama ya mtu yeyote."

"Ulikula?"

"Nilikula."

"Basi ngoja."

Walicheka wote, mpishi mwenyewe akiwa wa kwanza, nami nilicheka pamoja nao, kwa sababu kicheko kile kilikuwa mlango wa kuingilia mahali ambapo nilikuwa mgeni. Leo, ninapoyapanga maneno yale mbele yangu, naona kwamba hakuna hata moja lililotokana na jambo ambalo Syokau alikuwa amelifanya. Yalitangulia matendo yake, yakayangoja njiani.

Mwisho wa mwezi wa kwanza nilitembelewa na Mama Mbithe, mwenyekiti wa ushirika wa akina mama kanisani na mjumbe wa halmashauri ya shule. Hakuwa mwanamke mbaya, na sitamwandika kana kwamba alikuwa hivyo. Mwaka ule aliwalisha watoto wa majirani wawili pasipo kulitangaza. Alikuja na mapapai mawili ndani ya kiondo, saa ambayo alijua Syokau yuko darasani, akaketi sebuleni akiitazama kila pembe. "Mwiitu wakwa," alisema, akiniita binti yake kwa Kikamba, "wewe umewekwa hapa na Mungu. Sisi tunaona mlango tu. Wewe uko ndani. Utuangalizie nani anaingia, anakaa muda gani, anatoka na nini."

"Si nimwulize tu mwenyewe?"

"Asi! Utauliza nyoka kama iko na sumu?"

Nilinunua daftari la kurasa tisini na sita. Chuoni nilifundishwa kwamba mtafiti huandika alichokiona kabla ya kuandika anachokifikiri, na kanuni hiyo niliishika nusu. Nililigawa daftari katika sehemu tatu: Wageni, Mazungumzo, Mbinu. Katika Wageni niliandika saa ya kuingia na saa ya kutoka. Katika Mazungumzo niliandika yale yaliyopita juu ya ukuta. Katika Mbinu niliandika wema wake. Alinishonea kamba ya kiatu iliyokatika, nikaliandika hilo chini ya Mbinu. Nilipopata homa alikwenda kuchota maji katika shimo la mchangani, mtoni, siku mbili ambazo zamu ilikuwa yangu, akarudi na kunipikia uji wa mtama. Hilo nalo lilikwenda chini ya Mbinu, pamoja na dondoo kwamba uji ulikuwa mtamu. Jambo lililonitatiza ni sehemu ya Wageni. Niliambiwa kwamba hana rafiki, lakini katika wiki tatu niliwahesabu watu kumi na mmoja waliopiga hodi, wengi wao wanawake wa kanisa lilelile lililosema hana rafiki, wakija kwa mlango wa nyuma, leso zimeshushwa kwenye paji la uso. Mwenye akili timamu angehitimisha kwamba habari aliyopewa ina kasoro. Mimi nilihitimisha kwamba, kwa kuwa hawawezi kuwa marafiki, ni lazima wawe kitu kingine.

Aliyekuja mara nyingi kupita wote ni Nzilani, kiongozi wa kwaya, mwanamke wa miaka thelathini na kitu ambaye sauti yake ya kwanza ilitosha kulijaza kanisa bila ngoma. Miezi michache kabla sijafika alikuwa ametoa ushuhuda mbele ya waumini wote kwamba ameombewa na kifafa kimemtoka; mumewe, shemasi, alisimama kando yake akilia kwa furaha. Kila jioni, saa kumi na mbili kasorobo, mwanamke huyo aliingia nyumbani kwetu. Mlango wa chumba cha Syokau ulifungwa. Nilisikia kifuniko cha bati kikifunguliwa, kisha maji yakimiminwa kikombeni.

"Hii ni chungu, we!"

"Zote ni chungu. Kunywa maji."

"Na mtu akijua?"

"Atajuaje? Ni mimi na wewe na kopo."

Halafu walicheka. Walikaa robo saa zaidi wakizungumza mambo ambayo hayakuwa na maana yoyote: mbegu za kunde, mjukuu wa fulani aliyeota jino la juu kwanza, namna ya kutoa doa la embe kwenye kanzu. Nililiandika hata doa la embe. Kicheko chao kilinikera kuliko lile kopo, maana mimi, niliyeomba asubuhi na jioni na kuhudhuria kila kikao cha ushirika, sikuwa na mtu wa kucheka naye namna ile. Usiku huo niliandika kwamba Nzilani analishwa kiapo. Katika fikra zangu palikuwa na kithitu, kile kiapo cha kale cha Wakamba ambacho husemwa kwamba anayekivunja huangamia pamoja na jamaa zake. Mwalimu wa historia, mwenye cheti, niliamini kwamba mwalimu wa biolojia alikuwa anahifadhi kithitu ndani ya kopo la kakao.

Ushirika wa akina mama ulikutana kila Jumatano alasiri, na ulikuwa na adabu moja ambayo sikuielewa mpaka nilipokwisha kuitumia: jambo lolote liliweza kusemwa juu ya mtu yeyote, mradi limalizike kwa "tumwombee." Jumatano ile tulikutana nyumbani kwa Nzilani mwenyewe. Mama Mbithe aliuliza kama kuna maombi, akanitazama. Nilisimama nikasema, "Naomba tumwombee dada yetu mmoja, sitataja jina, ambaye kila jioni anaingia katika nyumba isiyo na Mungu, mlango unafungwa, ananyweshwa kitu kutoka kwenye kopo. Tumwombee afunguliwe." Njia ya kwenda nyumba ile ilikuwa moja, na watu wote wa Kalamba walijua nani huipita saa kumi na mbili. Vichwa havikugeuka, ungekuwa utovu wa adabu. Nzilani alikuwa katikati ya chumba, ameshika thamosi, akiwamiminia wageni chai. Aliendelea kumimina. Alijaza vikombe vilivyosalia kwa kipimo kilekile, akaweka thamosi chini, akafumba macho, na ombi lilipokwisha alisema "Amina" pamoja nasi.

Hakuja jioni ile, wala ya pili, wala ya kumi. Syokau alikaa sebuleni saa kumi na mbili kasorobo akisahihisha madaftari, na kila mbwa alipobweka njiani aliinua kichwa. Siku ya kumi na moja kulikuwa na harusi. Tulikuwa tukipika katika ua wa kanisa, mimi nikikatakata kabichi, Nzilani akikoroga wali katika sufuria kubwa iliyokaa juu ya mawe matatu. Nilisikia mwiko ukianguka. Nilipogeuka, alikuwa amelala upande, mwili mzima ukitetemeka, mkono wa kushoto ndani ya moto hadi kwenye kiwiko. Wanawake wawili walimvuta. Harufu ile sitaieleza. Syokau, ambaye hakualikwa, alikuja mbio kutoka shuleni akiwa ameshika kopo, lakini Mama Mbithe alisimama kwenye mlango wa gari. "Umeshammaliza. Sasa unataka nini tena?" Gari liliondoka bila yeye. Aliazima baiskeli ya mlinzi wa shule akalifuata, na sikumwona tena hadi adhuhuri ya kesho yake.

Aliporudi aliliweka kopo mezani mbele yangu, akaenda kunawa uso. Nililifungua. Ndani mlikuwa na bahasha ndogo za karatasi, zile za duka la dawa la hospitali, kila moja ikiwa na jina la Nzilani kwa wino wa buluu na maneno *kimoja kila jioni*. Nilizisoma zote nne, ingawa zilisema jambo moja. "Soma tu," Syokau alisema akiwa mlangoni, akijifuta kwa taulo. "Wewe huandika kila kitu, na hii andika."

"Kwa nini haziweki nyumbani kwake?"

"Nyumbani kwake? Ushirika unaingia mpaka chumbani kutafuta vikombe. Alishasema mbele ya kanisa amepona. Mume wake alilia. Atazificha wapi?"

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ungeuliza ningekwambia si shauri lako. Lakini angalau ungejua kuna shauri."

Alijua kuhusu daftari. Alikuwa amelijua tangu wiki ya pili ya kuandika kwangu, kwa kuwa kuta zisizofika paa hupitisha pia sauti ya kalamu. Nilimwuliza mbona aliendelea kuwakaribisha watu huku akijua kwamba ninaandika. Alifikiri, kisha akasema kwamba alidhani ninaandika shajara, kama wasichana wengine wapweke. Hadi leo sijaamua kama hilo lilikuwa jibu la kweli au msamaha, na kati ya hayo mawili sijui lipi lingeniuma zaidi.

Halmashauri ya shule ilikutana wiki iliyofuata. Daftari langu lilikuwa juu ya meza ya mwalimu mkuu. Mimi mwenyewe ndiye niliyempelekea Mama Mbithe, kabla ya harusi. Jioni ya kuamkia kikao Syokau aliniambia neno moja tu: "Watakuuliza. Siri si yangu, na si yako." Waliuliza. "Mwalimu, wewe ulikuwa ndani. Alikuwa anamnywesha nini?" Nilikuwa na jibu lenye neno moja, dawa, na neno hilo lingemwokoa Syokau papo hapo, lingemfanya pia Nzilani, aliyelazwa na mkono uliofungwa, kuwa mwongo mbele ya kanisa na mbele ya mumewe. Syokau alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao kando ya dirisha, akitazama nje. Nilinyamaza. Mama Mbithe alisubiri, kisha akawageukia wenzake. "Mnaona? Hata kusema anaogopa." Basi kimya changu kikaandikwa katika kumbukumbu za kikao kama ushahidi kwamba kilichomwangusha Nzilani harusini ni kopo, si kifafa, na Syokau akapewa uhamisho wa kwenda Zombe, upande wa mashariki wa Kitui, mbali kiasi cha kutosha. Kwa miaka arobaini nimelipima jambo hili. Kama ningesema, ningelazimika kueleza pia kwamba ni ombi langu lililomzuia Nzilani kunywa dawa. Niliihifadhi siri yake na aibu yangu kwa kimya kilekile, na sina mizani ya kutenga sehemu ya kila moja.

Siku ya kuondoka, Syokau alifunga vitabu vyake kwa kamba ya katani, akaacha kopo mezani. "Mtungi uwe na maji kila jioni," alisema. "Atakuja."

"Hatakuja kwangu."

"Hana pengine."

Alikuja jioni ya siku aliyotoka hospitalini. Alisimama mlangoni, mkono umefungwa bendeji nyeupe, asitake kuketi. "Mwalimu, kopo liko?" Nilimletea kopo na kikombe. Alimeza, akakunja uso, na hapo ndipo nilipomwuliza swali lililokuwa likinila: katika akina mama wote wa kanisa, kwa nini alimchagua Syokau. Alicheka kidogo, ingawa si kicheko kile nilichokisikia juu ya ukuta. "Mimi mwaka jana nilisema kwa ushirika mbuzi yangu imekataa kula, tuiombee. Wiki moja tu, watu watatu waliniuliza kama bwana yangu amenikataa. Sasa nipeleke kifafa huko? Huyu mwenzako hana mahali pa kuniombea. Ukimwambia kitu, kinakaa hapo hapo kama jiwe."

"Nami sitasema," nilimwahidi. "Sitaandika tena."

Alinirudishia kikombe. "Yeye hakuniahidi kitu," alisema, "ndio nikamwamini." Hata hivyo alirudi kesho yake, na kila jioni hadi mwaka ukaisha. Alikunywa dawa akiwa amesimama, akashukuru, akaenda. Hatukuwahi kuzungumza juu ya mbegu za kunde. Nilipopata nafasi ya masomo ya juu, alilichukua kopo akalificha chini kabisa ya sanduku la kanzu za kwaya, ambalo ufunguo wake alikuwa nao yeye tu. Nilikuja kujua baadaye kwamba kila miezi mitatu, kwa muda wa maisha yake yaliyosalia, alikwenda kliniki mjini Kitui ambako hakuna aliyemjua, na Syokau alitoka Zombe kumlaki, wakala chakula cha mchana pamoja. Mimi sikualikwa hata mara moja, wala sidhani nilistahili.

Kwa hiyo nilikuwa na sababu ya kuitazama ile midomo. Binti alimaliza sentensi yake, *hakuanguka tena*, na watu wakaitikia. Midomo ya Syokau ilifunguka pamoja na ya wengine. Alisema "Amina," kwa sauti niliyoisikia ng'ambo ya kaburi.

Baada ya mazishi tuliketi bega kwa bega chini ya hema, sahani za wali na mbaazi mapajani. Mzee mmoja alisimama kukiombea chakula. Syokau aliweka kijiko chini, akaweka mikono magotini, akangoja. Ombi lilikuwa refu. Lilipokwisha nilimwambia, "Ulisema Amina."

"Nilisema."

"Na huamini."

"Siamini. Hiyo siri ilikuwa yake, nikaifunga vile alikuwa anataka." Alichukua kijiko, akakoroga wali uliokwisha kupoa, kisha akageuka akanitazama kwa macho ambayo uzee haujayapunguza kitu. "Lakini wewe ndiye unaamini, Mwende, na sikukusikia. Leo ulinyamaza kwa ajili ya nani?"

Mkono wangu ulikuwa umekwisha kuingia mkobani, kwenye daftari ninalotembea nalo siku hizi. Niliutoa mtupu, nikala.